Takwimu Huria za Kilimo na Chakula: Nani Analipia Kazi ya Kuhesabu?

Mwishoni mwa Januari 2025 tovuti ya FEWS NET, mtandao wa tahadhari ya njaa ulioanzishwa na Marekani mwaka 1985 baada ya njaa kubwa ya Ethiopia na nchi za Sahel, ilitoweka kwenye intaneti. Amri ya Rais wa Marekani ya tarehe 20 Januari, iliyosimamisha misaada ya nje kwa siku 90, ililizuia shirika la misaada la nchi hiyo, USAID, kuendelea kuugharamia mtandao huo, na wachambuzi waliouendesha kwa mkataba wakaambiwa waache kazi. Pamoja na taarifa za mwezi huo zilifungwa pia bei za mahindi, mtama, maharage na mifugo zilizokusanywa sokoni kwa miaka mingi, ramani zinazoonyesha wakazi wa kila eneo hutegemea nini ili kuishi, na makadirio ya hali ya chakula kwa miezi iliyokuwa mbele. Sehemu ya kazi hiyo ilirudishwa baadaye mwaka huohuo. Hata hivyo, kwa miezi kadhaa mtafiti wa Nairobi, Kampala au Bujumbura aliyezoea kuzipakua takwimu hizo bila kumwomba mtu ruhusa hakuwa na pa kuzipata.

Ili kuuona uzito wa jambo hili inafaa kurudi Somalia. Tangu nusu ya pili ya mwaka 2010, FEWS NET na kitengo cha FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, kinachochambua hali ya chakula nchini humo vilikuwa vikionya kwamba ukame unakuja na kwamba kaya nyingi hazingeweza kuuhimili. Mwitikio wa wafadhili ulikuwa mdogo mpaka Umoja wa Mataifa ulipotangaza baa la njaa tarehe 20 Julai 2011. Utafiti uliotolewa mwaka 2013 ulikadiria kwamba watu 258,000 walipoteza maisha kati ya Oktoba 2010 na Aprili 2012, zaidi ya nusu yao wakiwa watoto wa chini ya miaka mitano. Ukame mwingine mkali ulipoingia mwaka 2017, onyo la aina ileile lilifuatwa na msaada wa mapema, na baa la njaa halikutangazwa. Hata hesabu ile ya vifo, ambayo leo inanukuliwa kila mahali, iliwezekana kwa sababu tafiti za lishe, vifo na bei za sokoni za miaka iliyotangulia zilikuwa zimehifadhiwa mahali ambapo mtafiti angeweza kuzifikia.

Kwa takriban miaka 15 sasa mjadala wa takwimu huria, yaani zinazotolewa wazi ili yeyote azitumie, katika nchi zetu umejikita kwenye uchapishaji: tovuti ipi itumike, leseni ipi iwekwe, faili liwe la aina gani. Mambo hayo yana umuhimu wake. Lakini naona tumeliacha swali lililo zito zaidi, yaani nani analipia kazi ya kuhesabu, na kazi hiyo inalindwa na nini siku mlipaji anapobadili nia.

Marekani ndiyo mfano unaofundisha zaidi, kwa sababu hakuna serikali iliyotoa takwimu nyingi za kilimo na chakula kwa watafiti wa dunia kuliko hiyo. Sheria iliyosainiwa na Abraham Lincoln tarehe 15 Mei 1862 kuanzisha Idara ya Kilimo, inayojulikana kwa kifupi kama USDA, iliipa kazi mbili zilizowekwa bega kwa bega: kukusanya na kusambaza kwa wananchi maarifa yenye manufaa kuhusu kilimo kwa maana pana kabisa ya neno hilo, na kuwagawia mbegu mpya zenye thamani. Kwa watunga sheria wale, maarifa yalikuwa pembejeo kama mbegu ilivyo. Sensa ya kilimo ilikuwa imekwisha kuanza mwaka 1840 pamoja na sensa ya watu, na inaendelea hadi leo kila baada ya miaka mitano. Ya mwaka 2022, ambayo matokeo yake yalitolewa Februari 2024, ilihesabu mashamba takriban milioni 1.9. Mwaka 1896 mkemia Wilbur Atwater alichapisha kupitia idara hiyo jedwali la viinilishe vya vyakula vya Wamarekani, na hifadhidata ya FoodData Central iliyofunguliwa mwaka 2019 ndiyo mjukuu wa jedwali lile. Takwimu zake hazina haki miliki, na programu ya kompyuta inaweza kuzisoma moja kwa moja bila mtu kukaa akinakili namba moja baada ya nyingine.

Picha za setelaiti za Landsat zinaonyesha vizuri zaidi thamani ya uamuzi wa namna hiyo. Kabla ya mwaka 2008 picha moja iliuzwa kwa mamia ya dola, na katika mwaka wa mauzo bora kabisa zilinunuliwa picha 25,000 hivi. Serikali ilipoondoa bei, picha zilizopakuliwa katika mwaka mmoja zilipita milioni moja. Mengi tunayoyajua leo kuhusu mabadiliko ya mashamba, misitu na vyanzo vya maji barani Afrika yalitokana na mlango huo, kwa sababu chuo kikuu cha nchi maskini kisingeweza kununua hata picha za wilaya moja kwa misimu kumi.

Januari 2019 Marekani ilikwenda hatua nyingine. Sheria iliyosainiwa mwezi huo inaelekeza kwamba takwimu za serikali zichapishwe wazi, kwa muundo unaosomeka na kompyuta, isipokuwa kuwe na sababu ya kisheria ya kuzizuia. Uwazi ulipata ulinzi wa sheria ambao nchi nyingi hazina. Sasa tuangalie yaliyofuata miaka sita baadaye. Mwishoni mwa Januari 2025 USDA iliondoa kurasa nyingi zilizohusu mabadiliko ya tabianchi, zikiwemo nyenzo ambazo wakulima walizitumia kupanga shughuli zao. Chama cha wakulima wa kilimo hai cha New York, pamoja na asasi za mazingira, kilifungua kesi Februari, na kufikia Mei serikali ikakubali kuzirejesha. Hapo sheria ilifanya kazi yake, kwa kuwa kilichogombewa kilikuwa kimekwisha kuandikwa na wananchi walikuwa na haki ya kukidai.

Septemba mwaka huohuo idara hiyo ilitangaza kwamba ripoti ya kila mwaka ya uhakika wa chakula katika kaya ingefikia kikomo, na kwamba ya mwaka 2024 ingekuwa ya mwisho. Upimaji huo ulianza mwaka 1995, na ndio uliowezesha kusema kwamba mwaka 2023 asilimia 13.5 ya kaya za Marekani hazikuwa na uhakika wa chakula. Maelezo rasmi yalikuwa kwamba kazi hiyo ina gharama, inarudia mambo yanayopimwa kwingine na imeingizwa siasa. Mtu anaweza kukubali au kukataa maelezo hayo. Mimi nayakataa, kwa sababu thamani ya kipimo cha aina hii iko kwenye mfululizo wake wa miaka 30, na mfululizo ukikatika hauungiki tena kwa kuongeza fedha baadaye. Kwa hoja yangu lililo muhimu ni jambo jingine. Sheria ya mwaka 2019 inahusu takwimu zilizokwisha kukusanywa. Haimlazimishi mtu kwenda kuuliza, na swali ambalo halikuulizwa haliachi faili la kudai mahakamani.

Tuje kwetu. Utafiti wa kilimo na chakula Afrika Mashariki umejengwa kwa kiasi kikubwa juu ya hesabu zilizolipiwa na wengine. Makadirio ya mvua ya CHIRPS, yanayoanzia mwaka 1981 na kutumika hadi kwenye bima ya mazao, yanatengenezwa na Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, pamoja na wakala wa jiolojia wa Marekani. Tafiti za afya ya jamii zilizotuambia kwamba mwaka 2022 udumavu ulikuwa asilimia 30 ya watoto wa chini ya miaka mitano Tanzania na asilimia 18 Kenya zilisimamiwa na mpango uliotegemea USAID, nao mkataba wake ulivunjwa Februari 2025. Majedwali ya viinilishe ya Tanzania ya mwaka 2008, yaliyoandaliwa na Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, Taasisi ya Chakula na Lishe na Chuo Kikuu cha Harvard, yaliazima thamani nyingi kutoka majedwali ya nje, yakiwemo ya USDA. Kuazima huko kulikuwa na busara, kwa sababu mtaalamu wa lishe hawezi kusubiri mpaka maabara ipime kila chakula. Hata hivyo kuna mipaka. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 kwa sampuli za nafaka kutoka Ethiopia na Malawi ulionyesha kwamba madini kama seleniamu na zinki hutofautiana sana kati ya eneo na eneo kufuatana na udongo. Mahindi ya jimbo la Iowa, Marekani, hayawezi kutueleza kilichomo katika sembe ya Mbozi.

Pale ambapo tumehesabu wenyewe na kuziweka takwimu wazi, faida imeonekana upesi. Tafiti za kaya za Tanzania zinazofuatilia kaya zilezile, zilizoanza mwaka 2008/09 kwa kaya 3,265, zinapatikana kwa mtafiti yeyote anayejisajili, zikiwa na majibu ya kila kaya na kila shamba. Kwa miaka mingi ilisemwa katika mikutano na kwenye maandiko ya miradi kwamba mkulima wa Afrika hupoteza asilimia 30 au hata 40 ya mavuno baada ya kuvuna. Mwaka 2014 watafiti wawili walichukua takwimu hizi pamoja na za Uganda na Malawi, wakakuta kwamba upotevu wa mahindi ulioripotiwa na wakulima wenyewe ulikuwa kati ya asilimia 1.4 na 5.9 ya mavuno. Inawezekana wakulima hawakuhesabu kushuka kwa ubora, na upotevu wa safarini na sokoni haumo humo. Hata hivyo tofauti hiyo ni kubwa mno kuipuuza, na ina maana kwa serikali inayoamua kama fedha ziende kwenye maghala au kwenye mbolea. Tafiti hizohizo zilipima mashamba kwa GPS sambamba na kumuuliza mkulima, na ikabainika kwamba wenye mashamba madogo huelekea kuyakadiria kuwa makubwa kuliko yalivyo, hali inayoharibu kila hesabu ya mavuno kwa ekari. Hakuna ripoti ya muhtasari ambayo ingeweza kuyafichua mambo hayo. Yalifichuliwa kwa sababu majibu ghafi yalikuwa mikononi mwa watu wasioyakusanya.

Ni muhimu kukumbuka kwamba hata tafiti hizi zimegharamiwa kwa sehemu kubwa na wafadhili, na kwamba ratiba yake imekuwa ikifuata upatikanaji wa fedha zao.

Takwimu za bei, ambazo wizara zetu huzikusanya zenyewe, zina tatizo la aina nyingine. Kenya bei ya mahindi huandikwa kwa gunia la kilo 90 na Tanzania kwa gunia la kilo 100, jambo ambalo ni rahisi kulirekebisha iwapo jedwali limeandika uzito. Viazi na vitunguu vinapouzwa kwa lumbesa, gunia linalotajwa kwenye jedwali na gunia lililopakiwa shambani ni vitu viwili tofauti, na mtafiti anayelinganisha Njombe na Kariakoo bila kujua kipimo kilichotumika atapata faida ya mfanyabiashara ambayo haipo, au ataikosa iliyopo. Majedwali mengi hutolewa kama faili za PDF, wiki hii likiwa na safu kumi na wiki ijayo tisa, bila maelezo ya nani aliuliza bei, saa ngapi, na kwa muuzaji wa jumla au wa rejareja. Kurekebisha hili hakuhitaji mfadhili, bali mtakwimu mmoja katika kila wizara mwenye mamlaka ya kukataa kuchapisha jedwali lisilo na maelezo yake.

Eneo ambalo ukimya wa takwimu unatugharimu zaidi ni sumukuvu, yaani sumu zinazotengenezwa na ukungu kwenye nafaka, aflatoksini ikiwa mojawapo. Mwaka 2004 watu 125 walikufa mashariki mwa Kenya baada ya kula mahindi yenye aflatoksini, kati ya wagonjwa 317 walioripotiwa. Mwaka 2016 mlipuko mwingine uliua watu 20 katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Kisha tarehe 5 Machi 2021 mamlaka ya kilimo na chakula ya Kenya iliandika barua ya kusimamisha uingizaji wa mahindi kutoka Tanzania na Uganda, ikieleza kwamba ufuatiliaji wake umeonyesha viwango vya sumu vilivyopita kikomo cha usalama. Msomaji wa barua hiyo hakuambiwa ni sampuli ngapi zilipimwa, zilichukuliwa mpaka gani, wala kiasi kilichokutwa katika kila moja. Malori yalikwama mpakani, mawaziri wakawasiliana, na siku chache baadaye biashara ikaruhusiwa kwa masharti, likiwemo la cheti kinachoonyesha kwamba aflatoksini haizidi maikrogramu 10 kwa kilo.

Jambo hili ningependa tulitazame bila ushabiki wa utaifa. Kenya ilikuwa na wajibu wa kuwalinda walaji wake, na historia ya mwaka 2004 inaeleza woga wake. Tanzania na Uganda nazo zilikuwa na haki ya kuona ushahidi. Laiti vipimo vya nchi zote tatu vingekuwa vinachapishwa kila wiki, sampuli kwa sampuli, pamoja na wilaya yalikotoka mahindi, tarehe, njia ya upimaji na kiwango kilichopatikana, mgogoro ule ungekuwa wa wilaya fulani na msimu fulani badala ya kuwa wa mataifa. Mkulima wa Rukwa asingeadhibiwa kwa unyevu wa ghala la mahali pengine. Na mtafiti wa afya angeweza kuziweka takwimu hizo kando ya ramani za udumavu na saratani ya ini, utafiti ambao leo unalazimika kuanza kwa kukusanya sampuli upya kwa fedha za mradi wa miaka mitatu, kisha matokeo yakafungiwa kwenye kompyuta ya mradi ulioisha.

Wapo wanaohofia uwazi huu, na hofu zao si zote za kupuuzwa. Faragha ya mkulima ni jambo la kweli, na Kenya tangu mwaka 2019 na Tanzania tangu mwaka 2022 zina sheria za kulinda taarifa binafsi. Njia zake zinajulikana: katika faili za tafiti za kaya nilizozitaja, nukta ya mahali husogezwa kwa makusudi hadi kilomita tano vijijini, na sensa ya kilimo ya Marekani huficha namba yoyote ya wilaya inayoweza kumtambulisha mkulima mmoja. Hofu ya kwamba walanguzi watazitumia takwimu za bei na mavuno naiona dhaifu zaidi. Mfanyabiashara mkubwa ana mawakala wake katika kila gulio na anajua bei kabla wizara haijaijua. Asiyejua ni mkulima.

Hofu ya tatu, kwamba takwimu zikiwa wazi zitapingwa, ndiyo iliyotudhuru zaidi. Tanzania ilijiunga na mpango wa kimataifa wa uendeshaji wa serikali kwa uwazi mwaka 2011 na ikajitoa mwaka 2017. Mwaka uliofuata Sheria ya Takwimu ya mwaka 2015 ilirekebishwa ili kuwa kosa la jinai kuchapisha takwimu zinazotia dosari takwimu rasmi, na mwaka 2019 kifungu hicho kikalegezwa baada ya malalamiko mengi ya ndani na nje. Kulegezwa kwake kulistahili pongezi. Lakini mtafiti kijana aliyesoma sheria ile akiwa mwaka wa kwanza wa shahada yake alijifunza tahadhari ambayo haiondoki kwa marekebisho ya kifungu, na mtakwimu wa serikali aliona kwamba usalama uko katika kutotoa. Takwimu rasmi ya mavuno inayopingwa kwa hoja na mtu aliyeona majibu ghafi hutoka imara zaidi au husahihishwa, na katika hali zote mbili anayepanga akiba ya chakula ya taifa anafaidika.

Kuna hatua inayoweza kuchukuliwa mwaka huu. Februari 2025 maktaba ya shule ya sheria ya Harvard ilitangaza kwamba imehifadhi nakala ya zaidi ya seti 311,000 za takwimu kutoka katika lango la takwimu la serikali ya Marekani. Chuo Kikuu cha Sokoine, Egerton na Makerere vina maktaba na wataalamu. Kila kimoja kinaweza kuhifadhi nakala ya zile ambazo watafiti wetu wanazitumia, kuanzia CHIRPS na FoodData Central, ambazo leseni zake zinaruhusu jambo hilo bila barua ya maombi.

Nakala, hata hivyo, huhifadhi jana tu. Mvua ya mwaka kesho itapimwa na kituo chenye mtu na kifaa, na makadirio ya setelaiti yenyewe husahihishwa kwa vipimo vya ardhini, ambavyo katika nchi zetu vimekuwa vikipungua na ambavyo mwanafunzi mara nyingi huambiwa avilipie. Januari 2025 viongozi wa Afrika walipitisha Azimio la Kampala la kuendeleza kilimo hadi mwaka 2035, nazo nchi zimekuwa zikiripoti viashiria vya maendeleo ya kilimo kila baada ya miaka miwili tangu mwaka 2018. Viashiria hivyo vinahitaji wadadisi wenye posho, mizani, vifaa vya kupimia unyevu na sumukuvu, na mafuta ya pikipiki ya afisa ugani. Naona gharama hizo zinastahili fungu lake katika bajeti ya wizara ya kilimo ya kila nchi, lenye jina na namba yake, lisilochanganywa na semina wala uratibu, likiambatana na sharti kwamba faili ghafi litolewe ndani ya mwaka mmoja baada ya ukusanyaji, ili mbunge aliye kwenye kamati aweze kulifungua jedwali na kuuliza kwa nini msimu uliopita fedha zilizotolewa zilikuwa nusu, na ni wilaya zipi hazikuhesabiwa.